Uzoefu wangu na fundi umeme wa mtaani: wayaringi, ethi na breka

Nyumba ni ya zamani: boksi la fyuzi za kauri, soketi za kuhesabu, na ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja) iliyopo kwa jina tu. Nilitaka boksi jipya la breka, laini ya jiko peke yake, laini ya hita ya kuogea, na soketi za kutosha jikoni. Fundi niliyempa kazi ana leseni, ila hana kampuni wala gari lenye maandishi. Nampa nyota nne kati ya tano.

Alianza vizuri kabla hata ya kutaja bei. Badala ya kuuliza vyumba ni vingapi, aliuliza kila kifaa kinakula wati ngapi. Hita ya wati 5,500 kwenye umeme wa volti 230 inavuta ampea 24 hivi, na waya wa 2.5 (yaani milimita za mraba) uliofukiwa ukutani ndani ya bomba unafika ukomo wake hapo hapo. Akaandika waya wa 6 na breka ya ampea 32. Fundi mwingine aliyekuja kukadiria alitaka kuiunganisha hita hiyo kwenye soketi ya chumba cha jirani. Breka kazi yake ni kulinda waya, si kifaa. Fundi akikuambia "ikijikata sana tutaweka kubwa", mnyime kazi siku hiyo hiyo, maana waya wa 1.5 ukiwekewa breka ya 32 utaungua ukutani huku breka imetulia.

Mgao uliobaki ulikuwa wa kawaida: taa waya wa 1.5 na breka ya 10, soketi waya wa 2.5 na breka ya 20, jiko waya wa 6 na breka ya 32. Soketi za jikoni zikapewa laini mbili, kwa sababu birika, pasi na mashine ya kufulia vikiwaka pamoja kwenye laini moja, breka ya 20 haina namna.

Vifaa nilinunua mimi kwa orodha yake, naye akavikagua kimoja kimoja. Hapa nilimheshimu. Alikwangua waya kwa kisu: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, inapitisha umeme vibaya na inalegea kwenye skrubu. Kisha akapima unene. Waya wa 2.5 wa uzi mmoja unatakiwa uwe na kipenyo cha milimita 1.78 hivi, na wa 1.5 milimita 1.38. Rola moja iliyoandikwa 2.5 ilipwaya kwenye kipimo, nikairudisha dukani.

Kabla ya plasta, kagua mwenyewe. Bomba ziende wima au mlalo, zisikate ukuta mshazari, la sivyo atakayepigilia msumari wa picha miaka ijayo ataukuta waya. Nyaya zisibanwe ndani ya bomba hadi zivutwe kwa nguvu. Maungio yote yawe ndani ya boksi linalofunguka, kwa koneketa, siyo kusokota na kuzungushia seloteipu. Gundi ya seloteipu hukauka, muungano hulegea, na palipolegea ndipo panapopata moto. Piga picha kila ukuta ukiwa umeweka futi pembeni.

Sasa ethi, ambayo wengi huichukulia kama pambo. Chuma cha ethi kikiwa na ukinzani wa omu 20, waya wa moto ukigusa bodi ya friji utapitisha ampea 11.5 tu ardhini: 230 gawa kwa 20. Breka ya ampea 20 haitajikata kwa kiasi hicho, na bodi ya friji itabaki na umeme ikimsubiri mtu. Ndiyo maana RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampea 30 si anasa. Fundi alichimbia chuma cha pili mbali kidogo na cha kwanza, akaviunganisha, halafu akapima. Nilipobonyeza kitufe cha majaribio cha RCD na kufurahi kuona imejikata, alinirudisha chini: "Bosi, hicho kinajipima chenyewe. Hata ukiing'oa ethi kitafanya kazi." Ni kweli kabisa, na mafundi wengi huwaaga wateja kwa kitufe hicho.

Vipimo vya mwisho alivifanya umeme ukiwa umezimwa. Kwanza mwendelezo wa waya wa ethi kutoka boksi hadi kila soketi. Pili megga (kipimo cha kuona kama umeme unavuja kwenye ngozi ya waya) ya volti 500, baada ya kuchomoa vifaa vyote na balbu za LED ili zisiharibike au kudanganya kipimo. Kiwango cha chini kinachokubalika ni megaomu 1, lakini wayaringi mpya ikisoma karibu na hapo ujue kuna waya uliochubuka au boksi lenye maji. Umeme uliporudi akapima muda wa RCD kujikata. Kwa miliampea 30 haitakiwi kuzidi milisekunde 300.

Hapo ndipo kosa lilipojitokeza. Kila taa ya ukumbini ilipowashwa, RCD ilijikata. Sababu: nyutro (waya wa kurudisha umeme) ya taa hiyo ilikuwa imefungwa kwenye baa ya nyutro isiyopita kwenye RCD, wakati waya wake wa moto unapita humo. RCD inaona umeme umetoka bila kurudi, inakata. Ni kosa la msaidizi wake, likarekebishwa papo hapo. Taa ya nje nayo ilikuwa inamulika kidogo hata ikizimwa, kwani swichi ilikuwa inakata nyutro badala ya moto. Hilo si la kuvumilia: mtu anayebadilisha balbu hiyo anadhani amezima.

Nyota iliyopotea ni ya boksi la breka. Hakuandika breka ipi ni ya nini, na skrubu kadhaa zilizungushika zaidi nilipomwomba azikaze upya mbele yangu. Malipo ya vifaa na ya kazi yalitenganishwa tangu mwanzo, na theluthi ya ufundi niliishikilia hadi karatasi ya vipimo iwe mkononi: laini, saizi ya waya, breka, somo la megga, ukinzani wa ethi. Aliileta, na safari hiyo alikuja na lebo.