Nimeukagua ukurasa wa startapu kabla haijazinduliwa: watu thelathini wameusifia, wanaojiandikisha wachache

Haya wadau, karibuni tena. Leo bidhaa yenyewe bado haijatoka, nilichonacho hapa ni ukurasa mmoja tu wa wavuti, ule ambao startapu, yaani kampuni changa inayoanza, inauweka hewani kabla ya kuzindua, unaeleza kitu kinachokuja halafu chini kuna sehemu ya kuacha imeili yako ili wakiwa tayari wakushtue. Kanitumia dada mmoja anayefuatilia chaneli hii, yeye na mwenzake wanatengeneza programu ya simu, na ujumbe wake nausoma kama ulivyo: "Kaka, tumewaonyesha watu kama thelathini, wote wamesema ni mzuri, ila wanaojiandikisha ni wachache sana, tunakosea wapi?" Ameruhusu nionyeshe kila kitu isipokuwa jina, ndo maana hapo juu kwenye nembo nimefunika.

Sasa hilo swali limenikaa kichwani siku mbili, kwa sababu jibu naliona humo humo ndani. Watu thelathini wamesema ni mzuri. Yaani we umemletea mtu kitu ulichokikeshea miezi, umekaa pembeni yake unamwangalia usoni, unamuuliza "unaonaje?", unategemea aseme nini? Mtu anayekupenda hapo hajibu kuhusu ukurasa, anajibu kuhusu wewe. Na sio kwamba anakudanganya, maana ukurasa kweli ni mzuri, angalieni wenyewe, rangi zimetulia, picha safi, nafasi ya kutosha, mi mwenyewe nilivyoufungua mara ya kwanza nilisema hawa watu wana jicho.

Ila jicho lina haraka zake. Kuna utafiti wa mwaka 2006 wa Gitte Lindgaard na wenzake kule Kanada, waliwaonyesha watu kurasa za wavuti kwa milisekunde 50 tu, yaani sekunde moja uigawe mara ishirini uchukue kipande kimoja, na watu wakaweza kusema huu unavutia huu hauvutii, na majibu yao yakakaribiana sana na ya walioonyeshwa kwa nusu sekunde. Kwa hiyo uzuri unaamuliwa hata kabla mtu hajasoma neno. Kuelewa hiki ni kitu gani na mimi kinanihusu nini, hapo lazima asome, na huku ndiko ukurasa wetu unakoteleza.

Soma nami hapa juu. Kichwa kimeandikwa kwa herufi kubwa, "Ishi kwa amani na kila unachomiliki." Nyuma kuna familia imekaa sebuleni inacheka, chini batani imeandikwa "Anza safari." Basi. Kwenye simu huo ndo ukurasa mzima mpaka uanze kuskroli.

Nikafanya jaribio dogo. Shangazi yangu alikuwa kwangu wiki iliyopita, nikampa simu bila kumwambia ni ya nani wala nataka nini, nikahesabu moyoni moja mpaka tano, nikaichukua. Nikamuuliza, shangazi, wale wanafanya nini? Akaniambia, "Si wanauza friji?" Friji tena? "Si nimeiona pale nyuma ya yule baba." Nikarudi kuangalia picha, na kweli, jamani, ipo friji. Mi nimeufungua ule ukurasa mara kumi sijawahi kuiona.

Hilo jaribio la sekunde tano mtu yeyote anaweza kulifanya, halihitaji hela wala kifaa, ila kuna masharti mawili, usimweleze chochote kabla, na usimuulize kama amependa. Muulize hii ni ya nini, ya nani, na ungebonyeza wapi. Akikosea usimsahihishe hapo hapo, maana ukishamsahihisha anaanza kukufurahisha, na mtu anayekufurahisha hana tena cha kukufundisha.

Baada ya hapo nikamrudishia simu nikamwambia, shangazi, jaribu kujiunga, halafu chochote kinachokupitia kichwani kiseme kwa sauti. Mimi nikanyamaza. Kunyamaza ndo kazi ngumu kuliko zote, nakwambia, kwa sababu mara ya kwanza kidole chake gumba kilienda kwenye ile picha ya simu iliyochorwa katikati ya ukurasa, hii hapa, mnaona ndani yake kumechorwa kibatani cha kijani "Ongeza risiti". Ni picha tu ile, haibonyezeki. Shangazi akabonyeza. Akasubiri. Akabonyeza tena, safari hii kwa nguvu zaidi, kisha akaigeuza simu akaitazama kana kwamba imekwama, akasema taratibu, "Labda mtandao wangu." Mnaona? Kosa la ukurasa, lawama kaibeba yeye. Kwenye namba za mwenye ukurasa huyu angeonekana ni mgeni aliyeingia akatoka, basi.

Akashuka mpaka chini kabisa, kwenye haya maandishi madogo ya kijivu, akaivuta simu karibu na macho, akasoma neno kwa neno: "Piga picha risiti yako, tutakukumbusha kabla waranti haijaisha." Kimya kidogo. Halafu, "Aaa, kumbe! Hiki nakitaka." Akafungua pochi yake akanitolea risiti ya pasi aliyoitunza kwa uangalifu kabisa, imekunjwa mara nne, na ilikuwa karatasi nyeupe. Haina tarehe, haina bei, haina jina la duka, imefutika yote. Zile risiti nyingi za madukani hazitumii wino, karatasi yenyewe ina kemikali inayogeuka nyeusi ikipashwa joto na mashine, ndo maana ikikaa kwenye mwanga au joto au hata kusuguana na vitu vingine inapauka. Pasi imeharibika, waranti labda bado ipo, ushahidi hakuna.

Wadau, hiyo ndo bidhaa! Sentensi moja iliyofichwa chini kwa rangi hafifu imefanya kazi ambayo familia nzima inayocheka sebuleni imeshindwa. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama angeuchukua huu peke yake ningeridhika, hiyo sentensi ipande juu, iwe ndo kichwa, na badala ya familia weka picha mbili, risiti iliyopauka na risiti hiyo hiyo ikiwa salama ndani ya simu. Na "Anza safari" iondoke, hakuna safari hapa, programu bado haijatoka, andika "Nijulisheni ikitoka" ili mtu ajue akibonyeza anapata nini.

Mengine napita haraka. Hiyo rangi ya kijivu nimeipima, uwiano wa mwangaza wake na nyeupe ya nyuma ni kama 2.3 kwa 1, wakati viwango vya WCAG vya kuwezesha watu wote kusoma vinataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, kwa hiyo shangazi kuivuta simu machoni sio uzee. Ukituma linki kwa mtu inakuja bila picha wala maelezo, hapo unapoteza watu ambao hata hawajafika. Spidi ni nzuri, sehemu kubwa ya juu inatokea ndani ya sekunde 1.9 na Google wanahesabu chini ya 2.5 kuwa vizuri, hongera kwao hapo. Na kile kiboksi cha kukubali kutumiwa matangazo kimeshawekewa tiki tayari, kitoeni tiki, kwa nchi za Umoja wa Ulaya tangu sheria ya GDPR ya kulinda taarifa binafsi ianze kufanya kazi mwaka 2018 tiki ya namna hiyo haihesabiki kama ridhaa, na hata pasipo na sheria, mtu anayekupa imeili yake anakuamini, usianze naye hivyo.

Fomu nayo. Inauliza jina, imeili, namba ya simu, umri na umetusikia wapi. Vitu vitano kwa programu ambayo haipo! Baki na imeili peke yake. Halafu, na hapa ndo napapenda, mtu akishaituma, kwenye ule ukurasa wa asante muulize swali moja tu la hiari: "Mara ya mwisho ulipohitaji risiti ukaikosa, ilikuwa ya kitu gani?" Usimuulize "ungependa kutumia programu kama hii?" kwa sababu kila mtu angependa, kusema ndio hakumgharimu kitu. Muulize jambo lililomtokea. Akikujibu "pasi" au "simu ya mwanangu" una kitu cha kushika, akikosa la kukumbuka nalo ni jibu.

Na maoni ya kweli kuliko yote ni yale mtu anayotoa kwa kidole chake. Joel Gascoigne alipoanzisha Buffer, programu ya kupanga machapisho ya mitandao ya kijamii, mwaka 2010 aliweka kurasa mbili tu, ya kwanza inaeleza kitu, ukibonyeza kuona vifurushi ya pili inakwambia bado hatujawa tayari, acha imeili. Watu wakaacha. Baadaye akaingiza ukurasa wa bei katikati yake, aone kama wakishakutana na hela bado wanaendelea, na wengine wakaendelea, ndo akapata moyo wa kujenga. Dropbox nao, wale wa kuhifadhi mafaili mtandaoni, mwanzilishi wao Drew Houston amesimulia kwamba video yao ya mwaka 2008 iliyoonyesha tu kitu kinavyofanya kazi ilipandisha listi ya kusubiri kutoka watu 5,000 mpaka 75,000 usiku mmoja. Kuonyesha kinavyofanya kazi, jamani.

Mtaniuliza uwaonyeshe watu wangapi. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kukufichulia matatizo mengi ya matumizi, yeye kwa hesabu zake alisema kama asilimia 85, na kama una watu kumi na tano ni bora uwagawe mara tatu, watano, rekebisha, watano, rekebisha. Ila msiichanganye, watano wanakwambia ukurasa unakwamisha wapi, hawawezi kukwambia soko lipo au halipo. Na wawe watu wanaotunza risiti, sio wabunifu wenzako. Huyu dada kanitumia maoni ya wale thelathini, nusu yao ni watu wa teknolojia na wamejadili kona za batani ziwe mviringo kiasi gani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza hii kitu inafanya nini.

Haya, nimemtumia yote haya Jumatatu, na Alhamisi kaniletea toleo jipya, hili hapa. Sentensi iko juu, risiti mbili zinaonekana, ile simu ya kuchora sasa ukiibonyeza inakupeleka kwenye fomu, safi sana. Nimewaketisha watu wengine wanne, sekunde tano tano, na wote wanne wameniambia ni kitu cha kutunza risiti. Lakini wawili kati yao, kila mmoja kwa wakati wake na hawajuani, walifika kwenye imeili wakasimama wakaniuliza swali lile lile: "Hizo picha za risiti zangu zinakaa wapi?" Nikatafuta kwenye ukurasa mzima, hakuna palipoandikwa. Nikamwandikia jana usiku, kajibu kwamba yeye na mwenzake wenyewe hawajaamua bado kama picha zitakaa kwenye simu ya mtu au kwenye seva yao, yaani kompyuta yao ya mtandaoni, wanakaa kesho kuliamua.