TAHADHARI: jamaa wa kutengenezea wanajeshi faili za VA (idara ya serikali ya Marekani inayolipa fidia wanajeshi wa zamani walioumia kazini) hapa Killeen, Texas

Wakenya wenzangu mliotumikia jeshi hapa Marekani, naandika nikiwa na hasira na pia aibu, maana mimi ndiye huwa nawaambia watu wasome mkataba kabla watie sahihi.

Magoti yangu mnayajua, hata kanisani siku hizi naomba nikiwa nimekaa. Sasa jamaa akanikuta kwa nyama choma ya ile harambee, anaongea Kiswahili safi, picha ya Kuwait na gwanda iko kwa simu, ananiita sajini, anajua hata lile begi la paundi 35 lilivyokuwa linakata mabega. Huyo ungemshuku vipi? Akasema VA wakiona huna mtu wanakutupa, yeye atanipangia faili, malipo ni baadaye. Akaniletea simu nitie sahihi na kidole, mkono umejaa mafuta ya mbuzi, skrini ikakataa mara mbili, yeye mwenyewe akatoa tishu akanipangusa kidole kama mtoto, ya tatu ikakubali. Hiyo tishu ndiyo inaninyima usingizi jameni.

Kumbe kazi yenyewe ni fomu 21-526EZ, ile ya kuomba fidia ya ulemavu, ningejaza mwenyewe. Rekodi za zahanati ya kambi nilitafuta mimi. Kwa daktari aliyepangwa na VA nilienda mimi, akakunja goti moja baada ya lingine akipima na kitu kama ile protrakta ya shule. Jamaa alichochangia ni kuniambia nichechemee zaidi, na uongo ukijulikana ni wangu si wake! Nikapewa ulemavu wa asilimia 10 kila goti, jumla 20, dola 346.95 kwa mwezi kwa viwango vya 2025. Yeye akavuta malipo ya miezi sita, dola 2,081 na ushei, moja kwa moja kwa akaunti.

Ndio naenda ofisi ya DAV, chama cha kusaidia veterani (wanajeshi wa zamani) wenye ulemavu, naambiwa kwao ni bure, na eti sheria inakataza kumtoza veterani kwa dai la kwanza. Basi ashikwe! Wapi, adhabu ya jela iliondolewa 2006. Huyo abebeshwe lile begi azunguke nalo kambi ya Fort Hood mpaka magoti yake pia yaishe.

Alafu alikuwa ameniomba paswadi ya akaunti yangu ya VA, na nikampa, msinicheke. Jina lake halimo kwa orodha ya walioidhinishwa na VA, na hiyo orodha iko wazi kwa intaneti, dakika mbili tu. Jana ametuma meseji tena, eti nikiongezewa asilimia nimlipe upya.