Taimer ya duara kwa banda la kuku wa mayai: nzuri, mpaka umeme ukatike

Taimer hii ya kuchomeka kwenye soketi, yenye duara la saa 24 na vijino 96 pembeni, haikosekani kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Kwa taa za banda la kuku wa mayai inafaa sana, ila ina kasoro moja nzito.

Karibu na ikweta mchana ni wa saa 12 tu, na kuku anataka mwanga wa saa 14 hadi 16 ndipo atage ipasavyo. Haupokei kwa macho peke yake: mwanga hupenya fuvu hadi kwenye ubongo, na huko ndiko homoni za uzazi huamshwa.

Kuipanga si kazi. Zungusha duara mpaka mshale uelekee saa iliyopo, kisha bonyeza vijino vya muda unaotaka taa iwake. Kila kimoja ni dakika 15. Saa 10 alfajiri kwenye duara ni 4. Swichi ya ubavuni ibaki kwenye alama ya saa. Ikiwa kwenye alama ya balbu, taa itawaka usiku kucha, na kuku lazima wapate giza pia.

Anza kuku wakikaribia kutaga, wiki ya 18 hivi, ukiongeza nusu saa kila wiki. Ukiwahi, watataga miili haijakomaa: mayai madogo, na wengine njia ya mayai hutoka nje. Ongeza alfajiri, si usiku, kwani taa ikizimika ghafla kuku hubaki sakafuni hawajapanda fito.

Sasa hiyo kasoro: haina betri. Umeme ukikosekana kwa muda wa saa tatu, duara nalo husimama, na taa ya saa 10 alfajiri inakuja kuwaka saa 1 asubuhi, jua limeshatoka. Kwa kuku, siku imerudi ghafla kuwa ya saa 12. Isiporekebishwa mayai hupungua, manyoya huanza kunyonyoka, na mfugaji hulaumu chakula. Kila umeme ukirudi, kagua mshale.

Penye mgao wa mara kwa mara, ongeza pesa uchukue ya kidijitali yenye betri ya ndani. Hakikisha tu umezima ule mpango wa kuwasha taa bila ratiba, uliowekwa kuwatishia wezi. Na balbu zifutwe vumbi kila wiki.