Tathmini: kifurushi cha makazi ya dharura cha Msalaba Mwekundu

Kabla ya kutumia michango kununua mahema, kitazame kwanza kifurushi hiki. Ndani mna maturubai 2 ya mita 4 kwa 6, kamba, msumeno wa mkono, beleshi, jembe, panga, nyundo, mkasi wa bati, waya wa kufungia na misumari. Ni cha kaya ya watu 5. Hema likichanika kazi yake imekwisha, lakini nyundo inayong'oa misumari kwenye kifusi leo ndiyo itakayojenga nyumba yenyewe mwakani.

Kitu cha kukagua kwa makini ni turubai. Lililo imara lina wavu wa nyuzi nyeusi katikati, limepakwa plastiki pande zote mbili, na lina uzito wa gramu 200 hivi kwa mita ya mraba. Liinue juani, likipenyeza mwanga waziwazi, siyo lenyewe. Yale mepesi ya bluu, ambayo wachangiaji huyakimbilia kwa sababu ya bei, jua huyapukutisha upesi.

Usikubali kugawa turubai moja moja ili "wote wapate". Kipimo cha Sphere, mwongozo wa kimataifa wa misaada ya dharura, ni angalau mita za mraba 3.5 za sakafu kwa mtu, yaani 17.5 kwa watu 5. Turubai moja lina 24, ila ukitoa mwinamo wa paa na mikunjo ya kingo, hakibaki kitu cha kuta.

Kuchanika huanzia kwenye msumari. Usipigilie turubai likiwa tupu: zungushia ukingo wake kwenye ufito mara 2 au 3, kisha pigilia ufito huo kwenye nguzo. Pasipo na ufito, weka kizibo cha chupa chini ya kichwa cha kila msumari. Pasipo na tundu la kamba, viringisha kijiwe laini ndani ya turubai, ukaze kamba shingoni mwake. Paa liiname nyuzi 30 au zaidi, la sivyo maji yatatuama na kulivuta. Likilegea pia ni balaa, maana upepo hulisugua kwenye miti mpaka likatike.

Dosari kubwa ni kwamba humu hamna nguzo hata moja. Baada ya maafa miti huadimika na bei hupaa, na ukigawa mapanga bila nguzo, usishangae msitu wa jirani ukifyekwa. Kwa hiyo kila kifurushi kiambatane na fedha taslimu za kununulia miti, pamoja na fundi wa kuonyesha ufungaji. Fedha hizo zina faida kuliko marobota ya nguo yanayohitaji ghala, lori na watu wa kuchambua.

Misumari nayo ni michache kwa kaya inayotaka pia kurudishia mabati yake. Agiza ya ziada, hasa ya bati, na iwe na vikofia vipana.