Kuacha nyama: mara moja au kidogo kidogo?
Kuacha mara moja kuna uzuri wake: umeamua, basi. Ila tumbo lisilozoea maharage kila siku hujaa gesi, na jioni harufu ya mishikaki inakurudisha ulikotoka.

Mimi nashikilia kidogo kidogo. Anza na siku mbili kwa wiki. Loweka choroko usiku, asubuhi mwaga maji, chemsha hadi zipasuke, tui zito la nazi liingie mwisho, moto mdogo. Mchicha ukamulie ndimu, kwani vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya mimea. Mayai na maziwa yabaki kwanza: vitamini B12 haimo kwenye kunde wala majani. Ukiyaacha nayo, utahitaji vidonge vyake.