Mnemba kwa boti kutokea Muyuni: nahodha nampa tano, huko baharini kulivyojaa siwezi

Mnaouliza kama Mnemba, kile kisiwa kidogo kaskazini mashariki ya Unguja, bado inafaa kwenda, jibu langu ndio nendeni, ila chagueni boti na chagueni saa, maana hivyo viwili ndo vinaamua utarudi umefurahi au utarudi kichwa kinagonga. Sisi tulikwenda familia nzima, wakubwa na watoto na bibi juu, tukapandia Muyuni badala ya Nungwi. Kutoka Muyuni kisiwa unakiona hapo mbele, boti ya faiba yenye mashine nzuri inakufikisha kwa dakika kama ishirini, wakati ukitokea Nungwi unazunguka kichwa chote cha Unguja na kama upepo umeamka watoto watatapika kabla hata hawajaona samaki.

Nahodha wetu mtu mzima wa Matemwe, jina silitaji kwa sababu hakuniomba nimtangaze. Kabla ya nanga kung'olewa alimvalisha kila mtoto laifu jaketi kwa mkono wake, akakaza mikanda, akauliza nani hajui kuogelea na nani ana pumu. Miwani ya kuogelea ilikuwa safi, haina ule mpira uliokatika unaofungwa kwa uzi kama nilivyoona kwenye boti nyingine. Chakula walipika baada ya kurudi, changu wa kuchoma, wali wa nazi, pilipili ya maembe na matunda, na kwa kweli yule changu peke yake angetosha. Bei ya wenyeji siyo bei ya wageni, tulikubaliana mapema na haikubadilika njiani, ada ya hifadhi ilikuwa ndani. Huduma nampa nyota tano bila kusita.

Sasa twende kwenye kisiwa chenyewe, maana hapo ndo nataka kusema.

Tulipokaribia bibi akauliza, "Nahodha, tunashukia upande gani?" Akamjibu kwa adabu, "Hatushuki mama, pale pana wenyewe." Mnemba ni ndogo sana, kuizunguka kwa miguu ni kama kilomita moja na nusu tu, mivinje katikati, mchanga mweupe pembeni. Juu yake pana hoteli moja, ya &Beyond, mabanda 12 ya makuti, na usiku mmoja mtu mmoja analipa zaidi ya dola 1,000. Ufukwe ni wa wageni wa pale tu. Nyinyi wa boti mnakaa majini, mnaogelea juu ya mwamba wa matumbawe, mnakiangalia kisiwa kwa mbali basi.

Kwa mgeni aliyetoka Ulaya hilo halimuumizi, kaja kuona samaki kaona. Lakini wavuvi wa upande ule, watu wa Matemwe na Kijini, Mnemba kwao ilikuwa dago, yaani kambi ya wavuvi. Wazee walikuwa wanakwenda na ngalawa na mashua zao, wanapiga dago pale, wanaanika samaki, wanalala chini ya mivinje wakisubiri upepo ukae sawa. Kwa mtu wa chombo kisiwa kidogo kama kile siyo mandhari, ni mahali pa kukimbilia bahari ikichafuka, mahali pa kuteka pumzi na kutengeneza tanga. Ukikifunga umemwondolea kituo chake barabarani. Nahodha wetu alisema hilo bila hasira, lakini alilisema huku anaangalia pembeni, na mimi sikulisahau.

Hata hivyo nitasema na upande wa pili maana lazima haki itendeke. Kisiwa kimebaki kijani. Hakuna ghorofa, hakuna gati la saruji, kasa bado wanapanda kutaga kwenye ule mchanga na mayai yao yanalindwa, na paa nunga ambaye duniani kabaki sehemu chache mno alipelekwa pale akahifadhiwa. Hoteli ikijaa kabisa wageni ni kama ishirini na nne tu. Kwa hiyo mtu akiniambia hoteli ya juu ya kisiwa ndo imeua mwamba wa Mnemba namkatalia. Angalieni upande wa pili wa maji jamani, ule upande tuliotoka sisi! Kuanzia Kendwa, Nungwi, mpaka Matemwe na kuteremka mashariki, vitanda vya hoteli vinaongezeka kila mwaka, na kila hoteli ina kibao cha safari pale mapokezi, na kila kibao kimeandikwa Mnemba. Nungwi ilikuwa kijiji cha mafundi wa mashua na wavuvi, mashua bado zinaundwa pale pwani, ila sasa fundi anagonga misumari katikati ya viti vya kuotea jua. Hoteli za huko ng'ambo ya maji, pwani ya Unguja, ndo zimeibadilisha Mnemba kuliko ile iliyoko juu yake, na kwa sababu kisiwa kimefungwa, wale watu wote hawana pa kushuka, wanarundikana kwenye maji yale yale saa ile ile.

Nilichokiona kati ya saa nne na saa sita mchana kilinisikitisha. Boti zimepangana ubavu kwa ubavu, mashine zinaunguruma, harufu ya petroli juu ya maji, watu wengi hawajui kuogelea wanasimama juu ya matumbawe kupumzika, na matumbawe ni kitu hai jamani, ukikanyaga umekivunja na kitachukua miaka kurudi. Yale matumbawe yameshateseka ya kutosha, yalipauka kwa joto la maji 1998 na tena 2016, hayahitaji na miguu yetu. Nanga nazo zinatupwa popote. Nahodha wetu alitafuta boya akafunga pale, alipokosa la pili akamtuma kijana wake azamie aweke nanga kwenye mchanga kwa mkono, na hii ndo sababu kubwa nimempa tano, maana inamchukua muda na hakuna anayemlipa kwa muda huo.

Pomboo ndo kabisa. Wakitokea pomboo wawili watatu boti zote zinageuka kuwakimbiza, zinawazunguka kama watoto wanavyozunguka mpira, halafu manahodha wanapiga kelele "rukeni, rukeni" na watu wanarushwa majini mbele ya vichwa vya wanyama. Yani mnyama anakuja kupumua anakutana na miguu thelathini. Sisi tulimwambia nahodha asikimbize, akafurahi, akazima mashine tukakaa mbali tunaangalia, na watoto waliona vizuri tu, pomboo mmoja alipita karibu yetu mwenyewe kwa hiari yake. Kama nahodha wako anakimbiza mwambie aache, wewe ndo unalipa, na wengi wanakimbiza kwa sababu wanadhani ndo mteja anachotaka.

Eneo lile limetangazwa hifadhi ya bahari tangu 2002, ada inalipwa, na tunaambiwa sehemu yake inarudi vijijini. Basi mimi naomba kwa moyo wangu wote ile ada ionekane baharini. Maboya ya kutosha, idadi ya boti kwa saa, na walinzi wenye uwezo wa kumwambia nahodha rudi nyuma akarudi. Na naomba jambo moja ambalo najua wengine mtalipinga: wavuvi na watu wa mashua wapewe hata kipande cha ufukwe upande mmoja, cha kushukia kwa dharura na kupumzika bila kuomba kwa mtu. Kisiwa ni kidogo ndio, lakini ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, hoteli imekodishwa tu.

Na msiniambie haiwezekani, maana Zanzibar hii hii kuna visiwa viwili vilivyopita njia nyingine. Misali huko Pemba, miaka ya tisini kulikuwa na mpango wa kujenga hoteli, wavuvi wakakataa, wakasema wao wanakitegemea kile kisiwa na kwao ni mahali pa heshima, Nabii Khidhri inasemekana alisali pale. 1998 kikatangazwa hifadhi, hoteli haikujengwa, na wavuvi wakaendelea kupiga dago kwa utaratibu. Mtu akienda leo anashuka, anaswali, anaogelea, anaondoka. Kingine Chumbe, pale pana hoteli ndiyo, ila ina vibanda 7 tu, uvuvi kwenye mwamba wake umefungwa, walinzi wake walianza kama wavuvi wa maeneo hayo hayo, na wanafunzi wa skuli zetu wanapelekwa kuona matumbawe. Wageni wa siku moja wanaruhusiwa kwa idadi ndogo. Mwamba wa Chumbe unasifiwa mpaka nje.

Ninaandika haya sasa kwa sababu serikali inakodisha visiwa vidogo kwa wawekezaji. Bawe pale mbele ya Mji Mkongwe, ambako watu wa Mjini tulikuwa tunakwenda na boti Jumapili kuogelea na kula, sasa kuna nyumba za wageni juu ya maji. Uwekezaji siupingi, ajira tunazihitaji, binamu zangu wanafanya kazi hotelini na wanasomesha watoto kwa kazi hiyo. Ninachotaka ni kabla ya mkataba mtu aende akaulize manahodha: huwa mnakimbilia wapi upepo wa kusi ukichacha? Mnafunga wapi usiku? Hayo maswali mawili tu yangebadilisha mikataba mingi.

Haya, kwa wanaokwenda. Nendeni mapema sana, saa moja asubuhi muwe mmeshaondoka pwani, mtapata mwamba peke yenu kwa muda mzuri kabla boti za Nungwi hazijafika. Msimu wa upepo wa kaskazi ndo wakati wake, kuanzia Disemba mpaka Machi maji yametulia na unaona chini kabisa, mwezi wa saba kusi linapiga na upande ule uko wazi kwa bahari kuu. Ulizeni maji yanatoka saa ngapi, yakikupwa kuna fungu la mchanga linajitokeza na mnaweza kusimama kupiga picha, ila msiache hata ganda la ndizi. Vaeni fulana ya mikono mirefu badala ya kujipaka mafuta ya jua, yale mafuta yanaingia majini. Msilipie kwa vijana wanaowafuata ufukweni, nendeni mkaione boti kwanza, hesabuni laifu jaketi, ndo mkubaliane bei. Na mwenye mzee anayeumwa magoti aulize boti yenye ngazi, yetu ilikuwa nayo ya chuma pembeni, bibi alishuka majini na kupanda tena bila kubebwa na mtu.