Turnitin kwa wanafunzi wa uuguzi: maneno inayaona, presha haiioni

Nafundisha uuguzi ngazi ya stashahada, na msimu wa ripoti za utafiti ukifika, kazi zote napitisha Turnitin, programu inayolinganisha maandishi ya mwanafunzi na yaliyoko mtandaoni na kwenye hifadhi yake. Kwa sura ya pili, ile ya mapitio ya maandiko, sina ugomvi nayo. Aya iliyonyofolewa mtandaoni inapakwa rangi na pembeni unaoneshwa ilikotoka. Mwanafunzi akianza "Mwalimu, hii nimeandika mwenyewe," namgeuzia skrini tu.

Kinachopotosha watu ni ile asilimia. Programu haisemi mtu kaiba, inasema maneno yamefanana. Kwenye mpango wa huduma, utambuzi wa kiuuguzi (jina la tatizo la mgonjwa kwa jicho la muuguzi) tunautoa neno kwa neno kwenye NANDA, orodha rasmi ya majina hayo, kwa hiyo darasa zima litafanana hata kama hakuna aliyechungulia kwa mwenzake. Toa kwanza rejea na nukuu kwenye mipangilio ya programu, kisha soma ripoti yenyewe, ndipo umwite mtu ofisini.

Inapofeli kabisa ni wodini. Mwanafunzi kajaza presha 120/80 na mapigo 80 kwa wagonjwa wanne waliopangana vitanda, mmoja wao kalazwa kwa presha ya kupanda! Turnitin haina neno. Huyo namkamata kwa kufungua faili la mgonjwa, na kwangu kosa lake ni zito kuliko aya kumi za kunakili, maana kuna daktari atakayeandika dawa kwa kuziamini namba zile.

Upande wa sheria wengi wanachanganya. Rafiki akikuruhusu kunakili kazi yake, Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya 1999 haina shida na wewe, ila chuoni bado umeiba. Na ukipakia kisa cha mgonjwa chenye jina na namba ya faili, hapo unagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ambayo taarifa za afya inazihesabu kuwa nyeti. Futa kwanza.

Maana kazi ikishapakiwa inaweza kubaki kwenye hifadhi ya Turnitin. Marekani wanafunzi wa sekondari waliishtaki kampuni yenye Turnitin kwa kuhifadhi insha zao, na mwaka 2009 mahakama ya rufaa ikaipa kampuni ushindi. Huku kwetu maumivu ni ya aina nyingine: mwanafunzi wangu alipeleka ripoti steshenari ya mtaani "kupimiwa", kijana wa pale hakuzima hifadhi. Ilipofika chuoni ikatoka karibu asilimia mia, imefanana na yenyewe. Tulihangaika sana kuisafisha.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Mwombe msimamizi wako akupimie rasimu kwa akaunti ya chuo, bila kuhifadhi. Turnitin huuziwa taasisi, si mtu mmoja mmoja, sasa hiyo akaunti ya steshenari ni ya nani?